Kiti cha Nne

Nilirithi kiti kabla ndevu hazijakaa sawa kidevuni.
Baba tulimzika Jumanne, mvua ikitwanga turubai;
Jumamosi nikaitwa ofisi ya mfereji, Lihanga,
nikapandishwa jukwaani na koti lake,
mikono ya koti ikinifunika vidole,
nikaambiwa: kaa.
Nikakaa.

Viti vilikuwa sita, vya mninga, vyenye migongo mirefu,
kila mgongo umechomwa jina kwa msumari wa moto:
Mgaya, Kaduma, Lugala, Mwalongo, Mlowe, Msigwa.
Cha nne kilikuwa chetu.
Babu Mwalongo alichimba hatua mia mbili na kumi,
kutoka chanzo mpaka Jiwe la Nyani,
akapasuka kiganja, akakifunga kwa gome, akaendelea.
Hiyo ni kweli, wala siibezi.
Lakini mimi nilichimba nini?

Miaka kumi na tisa
wale wa mabenchi ya mkaritusi, kule chini,
walijadili, wakapiga kura, wakahesabu,
kisha karani akapanda ngazi tatu na daftari
kutuuliza sisi sita kama wamekosea.
Mara nyingi tulisema wamekosea.
Mara moja nilisema hivyo nikitoka usingizini.

Fesia Nyagawa alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango.
Ana fimbo ya mwanzi yenye alama za kisu.
Huitumbukiza mferejini alfajiri, sakitu ikiwa bado majanini,
naye anajua, bila kuambiwa na marehemu yeyote,
kwamba maji ya Julai hayafiki vinyungu vya bondeni
iwapo sisi wa juu tunafungulia siku tatu.
Alilisema hilo mwaka baada ya mwaka.
Tulimshukuru kwa mchango wake.

Mkutano ulikuwa Juni, ulanzi umekatika mianzini,
hivyo hata wabishi walikuja na akili zao.
Hoja ilikuwa mstari mmoja:
viti vya kurithi vikome.
Mzee Kaduma akasimama, akaegemea jina la babu yake,
akasema mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina.
Makofi, machache.
Fesia hakusimama. Alijibu papo hapo alipokaa:
"Ndiyo, Kaduma. Na anayebebwa
huona kisogo tu. Njia ataiona lini?"
Ukumbi ukacheka, halafu ukanyamaza,
kama watu waliojisahau msibani.

Karani akaita majina. Bila wanne wetu hoja isingepita.
Lugala: hapana.
Mgaya: ndiyo, kwa sauti ya mtu mwenye homa.
Lilipofika langu, ningependa kusema nilifikiria haki.
Nilifikiria koti.
Nilifikiria Lutengano wangu, miaka kumi na saba,
hajui fimbo ya Fesia ina alama ngapi,
na wiki ile nilimfuma mbele ya kioo
akilijaribu.
Nikasema ndiyo.

Mlowe hakunisalimu mpaka viazi vilipovunwa.

Viti tuliambiwa tuvichukue, ni mali ya koo.
Changu nilikibeba kichwani, miguu ikitazama mawingu,
watoto wa shule wakaniuliza kama nahama au nimefukuzwa.
Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina.
Kipo jikoni. Mke wangu huanikia maharage ya mbegu juu yake,
kuku hulala chini,
na jioni nyingine, sitaficha,
nayaondoa maharage, nakaa.

Zamu yangu sasa ni Alhamisi, saa tisa usiku.
Fesia ameiandika kwa mkono wake
kati ya mjane wa Mbata
na kijana aliyehamia juzi kutoka Makete.
Nakwenda na kandili, ukungu umejaa mdomoni kama pamba.
Nazibua tope kwa jembe, nasubiri.
Nayasikia maji kabla sijayaona:
yanapita zile hatua mia mbili na kumi za babu,
wala hayapunguzi mwendo.